Picha za bure za michezo ya kompyuta zina masharti

WATENGENEZAJI wa michezo ya kompyuta wasio na fedha za kuajiri wachoraji wamekuwa wakipata picha, muziki na sauti bila malipo kupitia tovuti ya OpenGameArt.org, iliyoanzishwa mwaka 2009.

Hata hivyo, kupewa kitu bure si kukitumia bila masharti. Kila kazi huambatana na leseni aliyoichagua msanii. Leseni ya CC0 haimdai mtumiaji chochote. CC BY humtaka amtaje msanii, na CC BY-SA humtaka pia, iwapo ataibadili kazi hiyo na kuisambaza, aitoe kwa leseni hiyo hiyo.

Ugumu hujitokeza mchezo mmoja unapokusanya kazi za wasanii wengi. Jina moja likisahauliwa, masharti huwa yamevunjwa, na mwenye kazi anaweza kudai haki yake.

Ili kupunguza tatizo hilo, tovuti hiyo ina huduma ya makusanyo. Mtumiaji huweka pamoja kazi alizozichagua, kisha hupakua faili moja lenye orodha ya wasanii na leseni zao.

Tatizo jingine ni picha za wachoraji tofauti kutofanana. Mwaka 2012, OpenGameArt, Creative Commons na Free Software Foundation ziliandaa shindano la Liberated Pixel Cup, ambalo washiriki wake walifuata mwongozo mmoja wa uchoraji ili kazi zao zioane.

Kwa msanii asiyelipwa, kutajwa jina mara nyingi ndiyo ujira pekee anaoudai.