TUANDIKE TUNAYOYAJUA: Mambo ya Kawaida si Haba katika Utunzi



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemneemesha mwanaadamu kwa elimu na kalamu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, kila mwaka tunapoandaa jarida hili huwaomba wanafunzi walete insha, hadithi na mashairi. Na kila mwaka hukutana na jambo lile lile. Wengi hutujibu, "Ustadh, mimi sina cha kuandika." Wachache huleta hadithi za majambazi wa New York na matajiri wa Dubai, ilhali waandishi wake hawajapata kuvuka Morogoro. Tukiwauliza kwa nini hawakuandika juu ya Dodoma yao, juu ya nyumbani kwao, husema, "Hayo kila mtu anayajua."

Katika makala hii tunataka kueleza kwamba hayo hayo ambayo kila mtu anayajua, yaliyozoeleka na yanayotuliza moyo, ndiyo mlango mzuri zaidi wa kuingilia katika utunzi. Lakini kabla ya kuwashauri wengine, inatupasa tukiri kosa letu wenyewe.

KOSA TULILOLIFANYA

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa kike alituletea insha ya ukurasa mmoja na nusu. Aliandika juu ya bibi yake na ndoo ya maji. Ulikuwa mwaka wa shida ya maji, na bibi huyo alipoamka kwa ajili ya Sala ya Alfajiri alikuwa kwanza akiitikisa ndoo gizani ili ajue kwa sauti yake maji yamebaki kiasi gani. Akisikia ni machache, alitia udhu kwa kikombe kimoja, na yaliyobaki akawaachia wajukuu wanaokwenda shule.

Tuliisoma insha ile, tukamrudishia. Tulimwambia, "Haya ni mambo ya kawaida, binti. Shida ya maji nani haijui? Tafuta jambo jipya." Aliinamisha kichwa akaondoka. Hakuleta tena insha wala shairi.

Mwaka uliofuata bibi yake alifariki, Allah amrehemu. Tulipokwenda kuhani, mama wa yule mwanafunzi alituuliza kama ile insha tunayo, kwa sababu ndugu waliotoka mbali walisikia habari zake wakatamani isomwe. Hatukuwa nayo. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa ameichana siku ile ile tuliyomrudishia. Tulichoweza kufanya ni kumwomba radhi mbele ya mama yake. Tangu siku hiyo tulijifunza kwamba neno "kawaida" laweza kuifunga kalamu ya mtoto, na pamoja na kalamu hiyo vikapotea vitu ambavyo havipatikani mara ya pili.

JE, KURUDIA YANAYOJULIKANA NI UDHAIFU?

Ndugu msomaji, tuanze na Kitabu chetu kitukufu. Kisa cha Nabii Musa (A.S.) kimetajwa katika sura nyingi za Qur'an, na yeye ndiye Nabii aliyetajwa kwa jina mara nyingi kuliko wote. Katika Surat Ar-Rahman, aya moja inayowauliza viumbe kuhusu neema za Mola wao imerudiwa mara 31. Na katika Surat Ash-Sharh, habari njema kwamba pamoja na uzito upo wepesi imekuja mara mbili mfululizo, aya baada ya aya. Hakuna Muislamu anayeisikia mara ya pili akasema, "Hili nimekwisha kulisikia." Bali mwenye dhiki huisubiri hiyo ya pili.

Bila shaka maneno ya Allah hayalinganishwi na maneno ya viumbe. Lakini tunajifunza hapo kwamba moyo wa mwanaadamu una haja ya kukumbushwa, si ya kuambiwa mapya tu.

Tazameni pia madrasa nyingi zinazosoma Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa na mwanachuoni wa Madina katika karne ya 18. Msomaji anayajua, wasikilizaji wanayajua, na watoto wa nyuma kabisa huitikia kabla hawajaambiwa. Hata hivyo, wapo wanaofuta machozi. Hawafuti machozi kwa sababu wamesikia habari mpya, bali kwa sababu kila mwaka wanaisikiliza wakiwa na hali nyingine: huyu amefiwa, yule amepona, mwingine amepata mtoto. Maneno ni yale yale, lakini msikilizaji amebadilika.

WATUNZI WALIOTUTANGULIA

Watunzi wa Kiswahili waliijua siri hii zamani. Mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu katika pwani ya Kenya, alitunga utenzi wa kumuusia binti yake. Alikuwa mgonjwa, na baada ya miaka michache akafariki. Hakutafuta jambo la ajabu. Mama kumuusia binti yake ni jambo linalofanyika katika kila nyumba, tena jikoni au uani. Hata umbo alilotumia lilikuwa la siku zote: beti za vipande vinne, kila kipande mizani minane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kina kina kinachokwenda hadi mwisho wa utenzi. Zaidi ya miaka 160 imepita, na utenzi huo bado unasomwa.

Katika karne ya 20 alikuja Shaaban Robert wa Tanga (1909–1962), ambaye katika miaka ya 1940 aliwahi kufanya kazi hapa kwetu Mpwapwa katika Idara ya Mifugo. Naye alipotaka kumuusia binti yake alitunga Utenzi wa Hati, na kwa ajili ya mwanawe wa kiume akatunga Utenzi wa Adili. Umbo ni lile lile la tenzi za zamani, na wazo ni lile lile la mzazi kumuusia mwana. Hatujasikia mtu akimlaumu kwamba Mwana Kupona alikwisha kuyasema. Kila mzazi ana mtoto wake, na kila mtoto ana haja ya kuusiwa na mzazi wake mwenyewe.

Karibu zaidi na sisi yupo Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo aliyezaliwa hapa hapa Dodoma. Yeye alikuwa Mkristo, lakini mashairi yake yalisomwa na watu wa dini zote. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, yaani aliandika juu ya watu aliozaliwa kati yao. Kisha akachukua jambo ambalo malenga walilizoea, la kujibizana kwa mashairi, akalifanya mazungumzo ya kughani mbele ya watu, ndiyo ngonjera. Leo watoto wetu wanapopanda jukwaani siku ya sherehe ya madrasa, mmoja akiuliza kwa ubeti na mwenzake akijibu kwa ubeti, wanafaidi kazi ya mtu wa kwetu aliyejenga jipya juu ya msingi wa zamani.

Na kama hiyo haitoshi, nendeni Kolo, Wilaya ya Kondoa. Kule kuna michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watu wa kale walichora nini? Walichora twiga, tembo na watu, yaani vitu walivyoviona katika maisha yao. Nasi leo watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuangalia mambo yaliyokuwa ya kawaida kwa waliochora.

KUJULIKANA SI KUNAKILI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna tofauti kubwa kati ya kutumia wazo linalojulikana na kuchukua maneno ya wengine. Wazo ni mali ya wote. Mapenzi ya mama, subira, mvua baada ya ukame, msafiri kurudi nyumbani, haya hayana mwenyewe. Lakini maneno na mambo uliyoyaona lazima yawe yako.

Tutoe mfano. Mwanafunzi akiandika, "Bibi yangu ni mtu mzuri sana. Ananipenda nami nampenda," amesema kweli, lakini sentensi hiyo yaweza kuandikwa na mtoto yeyote kuhusu bibi yeyote. Msomaji haoni mtu. Lakini akiandika kwamba bibi huitikisa ndoo gizani na kutia udhu kwa kikombe kimoja, hapo bibi amesimama mbele yetu. Wazo ni lile lile la mapenzi ya bibi. Kilichoongezeka ni ndoo na kikombe. Na anayeijua dini yake atakumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) naye alikuwa akitawadha kwa maji kidogo, kiasi cha mudi moja, bila israfu.

Kwa hiyo, wazo lililozoeleka ni kama kuta za nyumba. Zinakupa utulivu, huogopi kupotea ndani yake, nawe unapata nafasi ya kushughulika na vilivyomo. Anayeandika juu ya New York asiyoijua hana utulivu huo. Nguvu zake zote huishia katika kubahatisha majina ya mitaa.

NAMNA YA KUFANYA

Kwa wanafunzi wanaotaka kujaribu, tunashauri yafuatayo:

1. Anza kwa Bismillah na nia njema. Usianze kwa kujiuliza, "Watanisifu?" Jiulize, "Nataka kumnufaisha nani?"

2. Chagua jambo moja dogo linalokupa faraja. Kwa mfano: harufu ya ardhi mvua ya kwanza inaponyesha baada ya kiangazi kirefu, ugali wa mtama na mlenda wakati wa futari, mavuno ya zabibu, kivuli cha mbuyu njiani kwenda chuoni, au sauti ya baba akisoma Yasin usiku.

3. Andika kile ambacho jicho liliona, sikio lilisikia na mkono uligusa. Taja vitu kwa majina yake. Usiseme "chakula", sema mlenda. Usiseme "mti", sema mbuyu.

4. Andika kidogo kidogo bila kukatiza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Sentensi tano kila siku baada ya Isha zinatosha.

5. Ukishindwa na insha, tumia umbo ulilolizoea. Mnazijua qasida tangu mkiwa wadogo, na masikio yenu yameshazoea mizani na vina. Jaribuni beti tatu tu.

6. Msomee mzee mmoja nyumbani. Atakusahihisha, na mara nyingi atakuongezea jambo ambalo hukulijua.

TAHADHARI

Pamoja na hayo, yapo mambo matatu ya kuchunga. La kwanza ni siri za nyumbani. Anayeandika juu ya watu wake lazima alinde sitara yao. Ugomvi wa wazazi au aibu ya jirani si vya kutangazwa gazetini, maana kusengenya kwa kalamu ni kusengenya pia. Ukiwa na shaka, muombe ruhusa mwenyewe.

La pili ni ukweli. Hadithi ya kubuni si vibaya ikijulikana kuwa ni ya kubuni yenye mafunzo. Lakini ni hatari kubwa kumzulia Mtume (S.A.W.) neno ambalo hakulisema, hata kama nia ni kuipamba insha.

La tatu ni uvivu. Faraja isiwe mto wa kulalia. Ukishaandika mara tatu juu ya mvua, jiulize kuna nini kuhusu mvua ambacho bado hujakitazama. Huenda ni mkulima wa Bahi anayeiangalia mbingu mwezi Januari, huku mbegu zake za mwisho ziko ardhini. Yeye naye anangoja mvua ile ile uliyoisifu, lakini anaingoja kwa hofu.

HITIMISHO

Ndugu wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Mtoto akikuletea karatasi aliyoandika juu ya jiko lenu au juu ya babu yake, usimwambie kama tulivyosema sisi. Kaa naye, isome hadi mwisho, kisha iweke mahali pema pamoja na vyeti vyake. Dodoma inabadilika upesi. Mwaka 2018 ilipata hadhi ya jiji, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikia kutoka Dar es Salaam. Mambo tunayoyaita ya kawaida leo, watoto wa watoto wetu watayauliza, na hawatapata jibu isipokuwa kwa walioandika.

Yule mwanafunzi wetu sasa ni mtu mzima. Tulipokuwa tukiiandaa makala hii tulimuomba ruhusa ya kueleza habari zake. Alikubali kwa sharti moja, nalo ni kwamba tusimtaje jina, bali tumuombee dua bibi yake. Nasi tunawaomba wasomaji wote mfanye hivyo. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe na ampe makazi mema Peponi, yeye na wazee wetu wote waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.