Mtani Msibani

Kalangalala ni kata ya mji wa Geita, kusini ya ziwa la Victoria Nyanza. Nchi hiyo ni ya Wasukuma, na Wazinza na Wasumbwa wamo tangu zamani. Lakini dhahabu haichagui kabila. Mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, ukafungwa, kisha ukafunguliwa tena mwaka 2000. Kwa hiyo watu wamekuja kutoka pande zote: Wahaya, Waha, Wajita, Wakurya, hata watu wa pwani. Wote husema Kiswahili, na kwa hiyo hudhani kwamba wanaelewana. Maneno huelewana kweli. Lakini namna ya kuonyesha upendo kila watu wana yao, na hapo ndipo penye hatari.

Pengine hufa mzee wa Kisukuma. Watu wamekaa matangani, kimya, wamejiinamia. Mara huingia jirani yao, Mzaramo, amevaa kofia ya marehemu, akichechemea kama alivyochechemea mzee siku zake za mwisho. Husema kwa sauti kuu, "Mlafi wa ugali amekwenda, leo na sisi tutashiba!" Kisha huenda akaketi ukingoni mwa kaburi, akakataza watu wasizike mpaka wamlipe. Mgeni asiyejua desturi hiyo hukasirika sana, na kama ni kijana mwenye damu moto, huweza kukunja ngumi. Lakini watoto wa marehemu hawakasiriki. Mmoja hucheka huku machozi yakimtoka, akatia mkono mfukoni, akatafuta senti.

Mzaramo huyo si adui wala si mwenda wazimu. Ni mtani.

Asili ya utani huo yatafutwa njiani. Kabla ya reli, Wanyamwezi, ambao ni ndugu wa Wasukuma kwa lugha na kwa desturi, walichukua pembe za ndovu vichwani na mabegani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Safari ilichukua miezi. Wasukuma wengi nao walishika njia hiyo. Walipofika karibu na pwani walikuwa katika nchi ya Wazaramo na majirani zao, hawana mjomba wala shangazi. Nani atampa mchukuzi chakula akiishiwa? Na akifa, nani atamzika? Watu wa pwani waliokwenda bara walikuwa na shida iyo hiyo. Basi wakafanyana watani: huyu aweza kuingia kwa yule bila kubisha sana, akala, akamtukana mwenyeji wake, na akifa atazikwa kama mtu mwenye kwao. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mizigo ikaacha vichwa vya watu. Utani haukuacha.

Utani mwingine ulizaliwa vitani. Wangoni na Wahehe walipigana vikali tangu mwaka 1878 hata 1882, wala hapana aliyemshinda mwenzake kabisa. Wajukuu wao leo hutukanana kwa kicheko. Mambo haya yaliwashangaza hata wageni wenye elimu. Mwingereza mmoja, R. E. Moreau, aliyekaa Amani katika Usambara na kazi yake hasa ni kuchunguza ndege, aliyaacha manyoya kwa muda akaandika habari za utani wa Tanganyika, zikachapwa mwaka 1944.

Lakini asidhani mtu kwamba kila apendaye hutania. Msukuma hucheza na babu yake, na babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na watu hucheka. Kwa mama mkwe ni mbali. Kwa desturi ya zamani, mkwe humwepuka njiani, hali naye chakula, wala hamtazami usoni. Mzungu akiona hivyo hufikiri wanachukiana, kumbe hiyo ndiyo heshima yenyewe. Naye Mzungu huonekana baridi kwa wenyeji, maana wanaume wawili marafiki huku hutembea wameshikana mikono barabarani, na kwao Uingereza wanaume hawafanyi hivyo.

Na kwa nini mzaha uletwe msibani, mahali pa machozi? Sababu yake ni njema. Ndugu wa marehemu wote wamevunjika moyo. Hapana mmoja mwenye nguvu ya kumwamuru mwenzake. Mgeni naye hana ruhusa. Mtani yu katikati: si ndugu, wala si mgeni. Yeye aweza kumwambia mjane aliyekataa chakula tangu jana, "Kula, au nitakula mimi na sahani yako," na mjane hula. Aweza kutaja tabia za marehemu, hata ubahili wake, ambazo kila mtu azijua na hapana athubutuye kuzisema. Tena hafanyi maneno matupu: huchota maji, huchanja kuni, hushika jembe.

Basi pale kaburini Mzaramo hupewa senti zake. Huzihesabu mara mbili, hulalamika kwamba ni chache, kisha huondoka ukingoni na kuwa wa kwanza kutupa udongo. Watoto wa mzee humtazama. Deni limeandikwa: siku ya msiba kwake, wao ndio watakaokwenda kuketi ukingoni.