Homa Isiyojulikana Nayo Ina Namba Yake

Neno “homa” limetwishwa mzigo mzito mno. Kakamega, malaria ni homa, mafua makali ni homa, hata baridi ya kunyeshewa huitwa homa. Daftari la hospitali haliwezi kuridhika na neno hilo. Ndiyo maana orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, hutenga J10 kwa homa ya mafua ya msimu ambayo kirusi chake kimetambuliwa, na J11 kwa ile ambayo kirusi chake hakijatambuliwa. Toleo la 11, lililoanza kutumika 2022, nalo limeihifadhi nafasi hiyo.

Wapo waidharauo J11 wakidai ni kukiri ujinga. La hasha! Ni ukweli uliotiwa katika hesabu. Mwishoni mwa Juni 2009, maabara ilipothibitisha kirusi kipya cha H1N1 kwa mwanafunzi Mwingereza aliyekuwa Kisumu, si mbali na Kakamega, ndipo taifa lilipojua kwamba adui amekwisha kuingia. Anayeandika J10 bila kipimo, au malaria kwa mazoea tu, huwafumba macho walinzi wetu.

Walimu, wafundisheni vijana kwamba “hatujajua” ni jibu la kitaalamu, mradi lifuatwe na uchunguzi.