Kadi ya Kuazima Haimtibu Mtu

"Wakili, niazime Ndaga Muntu ya nani ili nipokelewe hospitali?" Swali hili la kuazima Ndaga Muntu, kitambulisho cha taifa cha Uganda, limenichosha. Hapa Kyebando, Kampala, analiuliza mama Mkongomani mwenye mimba, analiuliza kijana aliyetoka kijijini bila karatasi, analiuliza bibi ambaye mashine imeshindwa kusoma vidole vyake. Jibu langu halibadiliki: usiazime ya mtu yeyote.

Watu wameamini kwamba matibabu ya serikali ni ya mwenye kitambulisho cha taifa tu, na asiyekuwa nacho aazime au amlipe dalali. Si kweli. Ada katika vituo vya afya vya serikali zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, na wakimbizi hutibiwa katika vituo hivyo hivyo. Najua kuwa Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 inazitaka taasisi za umma zidai namba ya kitambulisho. Ndiyo maana mashirika ya kutetea haki kama ISER na Unwanted Witness yameipeleka serikali mahakamani. Lakini Katiba iko juu ya sheria hiyo. Agosti 2020, katika kesi iliyotokana na vifo vya akina mama wawili waliokuwa wakijifungua, Mahakama ya Katiba iliamua kuwa serikali ikishindwa kutoa huduma za msingi za uzazi imevunja Katiba. Hata chanjo ya korona ya 2021 ilianza kwa sharti la kitambulisho cha taifa. Serikali iliposhtakiwa, ikakubali vitambulisho vingine.

Sasa tazama kadi ya kuazima inavyodhuru. Ukijiandikisha kliniki ya wajawazito kwa jina la jirani, historia inayoandikwa ni ya jirani. Yeye amejifungua salama mara tatu. Wewe una kovu la upasuaji. Mkunga atakayekupokea usiku akiamini daftari hilo anaweza kukuacha usukume hadi kizazi kipasuke. Anayetumia dawa za VVU akijificha nyuma ya jina la mwingine, vipimo vyake vinaingia katika faili lisilo lake, na daktari anaamua dozi kwa majibu ya mtu mwingine.

Kisha mtoto anazaliwa. Taarifa ya uzazi inayotolewa wodini hubeba jina la mama aliyeandikishwa, na cheti cha kuzaliwa hufuata taarifa hiyo. Kifungu cha 10 cha Katiba kinaufunga uraia wa kuzaliwa na mzazi, babu au bibi. Ukilifuta jina lako kwenye karatasi hiyo, umekata uzi unaomuunganisha mtoto na ukoo wake. Wapo wakimbizi wanaoniambia hiyo ni faida, mtoto atakuwa Mganda. Hapana! Atakuwa mtoto wa jirani. Siku utakapotaka kumwingiza katika kadi ya familia au kusafiri naye, utaulizwa umempata wapi, na hutakuwa na karatasi ya kujibu. Juu ya hayo, kutumia kitambulisho cha mwingine ni kosa la jinai, na dalali aliyekula pesa zako hatakuja polisi kukutetea.

Fanya hivi. Nenda Komamboga, Kawempe au Mulago kwa jina lako halisi. Beba ulicho nacho: barua ya mwenyekiti wa mtaa (LC1), kadi ya mkimbizi, daftari la kliniki. Ukikataliwa, muulize msimamizi wa kituo, andika jina la aliyekukataa na saa, kisha peleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda au kwa mawakili wa CEHURD, shirika linalotetea haki ya afya. Agosti 2023 Wizara ya Afya iliwaagiza kwa barua watoa huduma wasimbague mtu yeyote anayetafuta matibabu. Itaje barua hiyo. Raia, jiandikishe NIRA, mamlaka ya usajili wa watu. Usajili wa kwanza ni bure. Mkimbizi, nenda idara ya wakimbizi ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mzazi, usitoke wodini bila taarifa ya uzazi, na usome kila herufi ya jina lako. Katiba inaiamuru serikali isajili kila anayezaliwa Uganda, mtoto wa mkimbizi akiwemo.

Nanyi mnaopokea wagonjwa mlangoni: anayevuja damu mtibuni kwanza. Karatasi itafuata akiwa hai.