Kuifikisha Kuvu Hai Hadi Kwenye Mzizi

Mkulima wa Rungwe, mkoani Mbeya, akiona mparachichi umepauka, majani yamelegea na matawi ya juu yanakauka kuanzia nchani, hudhani mti una kiu au umekosa mbolea. Afukue kidogo karibu na shina. Vijizizi vya kunyonyea vikiwa vyeusi na vinakatika vikiguswa, yaelekea ni Phytophthora cinnamomi, kimelea kinachoozesha mizizi ya parachichi duniani kote. Spora zake zina mikia na huogelea katika maji ya udongoni, na sehemu nyingi za Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Mpinzani wake naye anaishi udongoni: kuvu iitwayo Trichoderma. Huwahi nafasi na chakula kuuzunguka mzizi, hujiviringisha kwenye nyuzi za vimelea na kuziyeyusha kwa vimeng'enya, tena huuchochea mmea ujikinge wenyewe. Mizizi huongezeka, mche ukashika mapema. Mwaka 1932 mtafiti Richard Weindling alieleza jinsi inavyoshambulia kuvu nyingine, na leo nchini Kenya inazalishwa na kampuni kama Real IPM ya Thika.

Kwa hiyo kuvu ipo. Kazi ni kuifikisha ikiwa hai, maana joto na jua huiua. Paketi ya unga iliyosafiri kwenye buti la basi, kisha ikakaa miezi dukani chini ya bati, huenda ikafika shambani ikiwa vumbi tupu.

Ndiyo maana watafiti huifunga ndani ya punje. Spora huchanganywa na alginati, ute wa mwani wa kahawia, kisha hudondoshwa tone kwa tone kwenye maji yenye kloridi ya kalsiamu. Tone likigusa maji hayo huganda palepale kuwa punje ya milimita mbili tatu, ambayo hukaushwa. Ndani huweza kutiwa pumba au wanga, chakula cha kuanzia. Ikifukiwa kwenye udongo mbichi, punje hunyonya maji na kuvu hutoka polepole badala ya kusombwa na mvua ya kwanza. Kwa Rungwe, hii naiona ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Mahali pa kuanzia ni kitaluni, ndani ya kiriba, kuvu itangulie kabla adui hajafika. Mti uliokwisha kuoza mizizi haufufuki kwa punje, na shimo linalotuamisha maji litaua mche hata ukiwa na kuvu tele: mfereji na tuta kwanza. Tena usimwagilie dawa ya kuua kuvu kwenye kiriba hichohicho.

Punje ni ghali kuliko unga, kwa hiyo zinahitaji kupimwa hapahapa, kwenye vitalu vya Rungwe. Kituo cha Uyole cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kipo karibu kwa kazi hiyo. Nawe mkulima, ukiuziwa kuvu ya aina yoyote, dai namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) na tarehe ya mwisho wa matumizi. Isiyo nazo, irudishe dukani.