Tumbo la Redio: Kutoka Springi hadi Memori Kadi

Gramafoni ya sanduku ilipiga muziki bila betri wala waya. Ndani yake mlikuwa na springi ndefu ya chuma iliyoviringwa kwenye kopo. Hendeli ya pembeni ikizungushwa, springi hukaza. Ikijifungua, huzungusha bamba linalobeba santuri. Springi ikiachwa ijifungue itakavyo, wimbo huanza mbio na kuishia kuburuza, kwa hiyo paliwekwa gavana: vizito vidogo vinavyozunguka na kutanuka kadiri mwendo unavyozidi, mpaka vinavuta kisahani kwenye breki na kuuzuia mwendo usipite mizunguko 78 kwa dakika. Sindano ya chuma ilifuata mfereji wa santuri, mtikisiko wake ukatetemesha kiwambo chembamba cha aluminiamu au maika, na bomba lililokunjwa ndani ya sanduku likakuza sauti. Upande mmoja uliisha kwa dakika tatu hivi. Sindano ilitakiwa kubadilishwa kila upande, jambo ambalo wengi hawakulifanya, na ndiyo sababu santuri nyingi za zamani zimekwanguka vibaya.

Mashine ya namna hiyo ilifaa mahali kama Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako nguvu ya mkono haikuadimika hata pale umeme ulipokuwa ndoto. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na kuchukua kazi ya wapagazi, hivyo sanduku la gramafoni halikulazimika kubebwa kichwani kutoka Bagamoyo kama shehena za zamani za misafara. Mwimbaji Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 na kampuni ya HMV, na tangu hapo santuri za Kiswahili zikawa bidhaa ya dukani.

Redio za kwanza za betri zilikuwa na valvu, yaani chupa za kioo zenye waya unaopashwa moto ili utoe elektroni. Valvu hula umeme kwa namna mbili: volti chache za kupasha waya, na volti nyingi, mara nyingi 90, za kuvuta elektroni. Mwaka 1949 huko Lusaka ilitolewa redio maarufu ya bei nafuu yenye umbo la sufuria, ikiuzwa pauni 5, lakini betri yake ilikuwa mzigo kwa uzito na kwa bei.

Transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1947, iliondoa adha hiyo. Ni kipande cha germaniamu au silikoni kisicho na kitu cha kupashwa moto, kinachofanya kazi ya valvu kwa volti chache tu. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1 ya mwaka 1954, ilikuwa na transista nne. Katika miaka ya 1960 redio hizo zilienea Afrika Mashariki, na kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1966 kikawa kinatengeneza betri za National. Betri kubwa nne za volti 1.5 zikipangwa moja nyuma ya nyingine hutoa volti 6, na redio ndogo iliweza kuishi nazo kwa wiki nyingi. Zikichoka, zilianikwa juani. Hilo halikuwa ushirikina: joto huharakisha kemia ya ndani ya betri, nayo hutoa nguvu kidogo ya mwisho, ya kutosha kusikiliza taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu.

Transista hizo hizo zilitiwa kwenye mashine ndogo za santuri za mizunguko 45, zenye mota ya betri badala ya springi. Ndizo zilizopiga nyimbo za bendi za Tabora: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz ya Shem Karenga. Tatizo la kuzipata nyimbo hizo halikuwa kwenye mashine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi zilisafiri kwenda kurekodi Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa, njia hiyo ikakatika. Wimbo ukabaki kwenye mitambo ya Radio Tanzania, na aliyetaka kuumiliki alipaswa kuunasa hewani.

Hapo ndipo redio kaseti ilipotawala. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963: utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 3.81, uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, unaopita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Hedi ni sumaku ya umeme yenye ufa mwembamba sana. Wakati wa kurekodi, umeme wa sauti huupa unga wa utepe usumaku unaopanda na kushuka; wakati wa kupiga, usumaku huo huamsha umeme hafifu kwenye hedi, na transista zikaukuza mpaka spika. Kitufe chekundu cha kurekodi kilileta pia hedi ya pili, ya kufuta, ambayo hutangulia na kusafisha utepe kabla wimbo mpya haujaandikwa. Kaseti nyingi za mahubiri na za harusi zilifutika kwa bahati mbaya kwa njia hiyo, mpaka watu walipojua kuvunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti.

Mwendo sawa wa utepe ndio uliokuwa kazi ngumu. Magurudumu mawili yanayoonekana dirishani huviringa tu. Mwendo wenyewe huamuliwa na kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka, huku kigurudumu cha mpira kikiubana utepe juu yake. Nyuma ya kijiti kuna gurudumu zito linalosawazisha mzunguko, na belti ya mpira inayotoka kwenye mota. Karibu kila ugonjwa wa redio kaseti uko katika sehemu tatu: belti, kigurudumu cha mpira na hedi. Belti ikilegea, mwimbaji huanza kuimba kama mlevi. Kigurudumu kikishika vumbi na mafuta, utepe humezwa na kutoka umekunjamana. Hedi ikichafuka, sauti nyembamba hupotea na kubaki besi. Pamba yenye spiriti huirudisha. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo inayoiweka wima, na mtu asiyejua akiigusa, kaseti zote za nyumba nzima husikika kana kwamba zimefunikwa blanketi.

Mota ndiyo iliyokula betri kuliko kitu kingine ndani ya redio. Ndiyo maana kalamu ya Bic yenye pembe sita ikawa kifaa cha muziki: ilitosha kwenye meno sita ya kaseti, na utepe ukarudishwa nyuma kwa kuzungusha mkono bila kugusa betri. Nguvu ya mkono ilirudi kazini, safari hii bila gavana.

Sony ilichukua muundo wa redio kaseti na kuupunguza. Walkman ya Julai 1979 haikuwa na spika wala kitufe cha kurekodi. Betri mbili ndogo na hedfoni zilitosha. Kwa fundi haikuwa na jipya isipokuwa ufinyu.

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, iliondoa mgusano kati ya mashine na wimbo. Leza husoma vishimo visivyoonekana kwa macho, namba 44,100 kwa kila sekunde kwa kila spika, na saketi maalumu huzigeuza kuwa mawimbi ya umeme. Mashine za CD za kubebwa mkononi zilianza mwaka 1984, lakini zilikuwa vyombo vya mezani vilivyolazimishwa kutembea. Leza haivumilii mtikisiko. Baadaye ziliwekewa kumbukumbu ndogo ya kusoma sekunde kadhaa mbele, nayo ilifaa kwa mwendo wa miguu, si kwa baiskeli kwenye njia ya mchanga. Na vumbi la kiangazi cha Tabora hutua kwenye lenzi bila kubagua.

Dakika moja ya CD huchukua takriban megabaiti 10. Mbinu ya MP3, iliyotokana na watafiti wa Ujerumani, hutupa sauti ambazo sikio halizitambui na kuipunguza dakika hiyo hadi megabaiti moja. Mwaka 1998 kampuni ya Saehan ya Korea ilitoa MPMan, chombo chenye megabaiti 32 kisicho na kitu kinachozunguka. iPod ya mwaka 2001 ilirudisha mzunguko kwa muda: ilikuwa na diski ngumu ya Toshiba ya inchi 1.8 yenye gigabaiti 5, iliyoamka kidogo, ikajaza kumbukumbu, kisha ikalala ili kuokoa betri. Ilihitaji kompyuta, na hilo pekee liliiweka mbali na vijiji vingi.

Kilichofika vijijini ni redio ndogo ya memori kadi. Ukiifungua unakuta bodi moja, spika na betri bapa. Chipu moja, mara nyingi imefunikwa kwa tone jeusi la gundi ngumu, husoma kadi, hufungua MP3 na hunasa FM. Ndani ya kadi, elektroni hufungiwa katika visanduku vilivyozungushiwa oksidi isiyopitisha umeme, zikakaa humo miaka bila betri. Teknolojia hiyo ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980. Kadi ya gigabaiti 8 hubeba saa zaidi ya 130 za muziki, na vumbi haliidhuru.

Ila fundi amepoteza kazi. Chipu chini ya gundi haitengenezeki. Kinachobaki kwake ni tundu la chaji, swichi, waya wa spika na betri. Betri ya lithiamu ndiyo belti ya siku hizi, sehemu inayochoka kwanza. Kwa hiyo anayenunua afungue kwanza mfuniko wa nyuma pale pale dukani. Betri ya aina ya BL-5C, ile ile ya simu ndogo za Nokia, inatoka kwa ukucha na inapatikana kila mahali. Iliyochomelewa kwenye bodi itaifanya redio nzima kuwa takataka siku itakapokufa. Na nyimbo ziwekwe nakala kwenye kadi ya pili, kwa sababu kaseti huzeeka kwa kukoroma, lakini memori kadi hufa bila dalili.