Mwanamke na usukani wa kamyo: njia inaanzia wapi hapa Katana?

Siku ya soko pale Katana, kazi ya kubeba imekwisha gawanywa kabla jua halijapanda. Mama anashuka kutoka kilimani na mihogo mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Akifika kando ya Barabara ya Taifa namba 2, ile inayotoka Bukavu kwenda Goma, mzigo unapandishwa ndani ya kamyo. Kuanzia hapo karibu kila mkono unaougusa ni wa mwanaume: konvoyeri anayefunga turubai, shofere anayeshika usukani, mwenye gari anayehesabu franka. Mama yeye analipa tu.

Wapendwa wanamemba, usafiri unakula faida ya mavuno yetu kila juma, na feza yake inakwenda kwa watu wasiolima. Ndiyo sababu tunazungumza hapa juu ya ushofere wa magari makubwa na mashine nzito, na juu ya mabinti na mama wanaoweza kuufanya.

Kila tunapoleta neno hili katika vikundi, jibu la kwanza ni moja: "Mwanamuke hana nguvu ya kamyo." Ajabu, mara nyingi linasemwa mbele ya mama aliyetoka kutua gunia. Tuseme wazi: kamyo za leo zina usukani unaosaidiwa na mafuta yenye presha, na mashine za kuchimba zinaendeshwa kwa vijiti vidogo ambavyo mtoto angeweza kuvisukuma. Kinachohitajika ni macho, subira na masikio ya kusikiliza moteri. Kazi moja inayodai nguvu kweli ni kubadili gurudumu, na hata wanaume hawaifanyi peke yao. Wanaongeza bomba refu kwenye ufunguo na kuitana wawili.

Jibu la pili ni la sheria, na hapa wengi wako nyuma ya wakati. Kodi ya Familia ya mwaka 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kufunga mkataba wa kazi atakayoifanya mwenyewe. Binti angeweza kushinda mashofere wote kwa ufundi, bila ile ruhusa mlango ukabaki umefungwa. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa jambo hilo: sasa bibi na bwana wanatakiwa wasikilizane, mmoja haombi ruhusa kwa mwingine. Siku ileile Kodi ya Kazi nayo ilibadilishwa, na kizuizi cha wanawake kufanya kazi ya usiku viwandani kikaondolewa. Kwa hiyo mwajiri anayemwambia mama "leta kwanza barua ya bwana yako" anamwomba kitu ambacho sheria haiombi tena. Lakini kusikilizana nyumbani kunabaki, na si kwa karatasi tu. Tumeona afadhali bwana aketi katika mazungumzo tangu mwanzo, ajue safari ni zipi na mshahara ni wa nani, kuliko kusikia habari barabarani.

Kwingine jambo hili si habari mpya. Katika mgodi wa dhahabu wa Geita, Tanzania, wanawake wanaendesha magari ya kubeba mawe ambayo mtu akisimama kando yake hafiki hata juu ya gurudumu. Kule Ghana kuna kampuni inayoitwa Ladybird Logistics, inayosafirisha mafuta ya petroli kwa malori, na mashofere wake ni wanawake.

Sasa, binti wa Katana aanzie wapi?

Asianze kwenye usukani. Mashofere wengi wa kwetu walianza kama konvoyeri: kupanga mzigo, kufunga kamba, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu mlimani, kutazama mafuta na maji. Binti anayenyimwa hatua hii amenyimwa shule nzima, maana ndani ya kamyo ndimo ufundi unapitishwa, bila daftari. Koperative inaweza kufungua mlango huo kwa urahisi: inapokodi gari la kupeleka kahawa au mihogo Bukavu, iombe mtu wake mmoja apande kusimamia mzigo, na mtu huyo awe binti.

Wakati huohuo atafute permi. Kwa gari dogo ni kategori B. Kamyo ya mizigo inayozidi kilo 3500 inadai kategori C. Permi ya kununua bila kufunzwa ni hatari kuliko kukosa permi, kwa sababu inampa mtu ujasiri asiostahili. Kwa ufundi wa moteri kuna INPP, taasisi ya serikali iliyoundwa mwaka 1964, nayo ina ofisi Bukavu. Mtu aende aulize mwenyewe ni mafunzo gani yamefunguliwa na bei gani, asitegemee habari za jirani.

Kuna somo ambalo milima yetu inafundisha vizuri kuliko darasa: kushuka. Anayejua mtelemko wa Ngomo, kwenye njia ya Bukavu na Uvira, anajua mabaki ya magari kule chini. Kamyo yenye mzigo haishushwi kwa freni. Freni ikikanyagwa muda mrefu inapata moto, na ikipata moto haishiki tena. Shofere anachagua vitesi ya chini kabla ya mtelemko kuanza, moteri yenyewe izuie gari, na freni inakanyagwa kidogo na kuachwa. Wazee wa kazi wanasema shuka kwa vitesi ambayo ungepandia.

Na usiku? Hili ndilo swali la kweli, kuliko lile la nguvu. Kamyo ikikwama katika matope, watu wanalala njiani, na mama hana choo wala usalama. Hatuna dawa ya barabara zote. Lakini Katana na Bukavu ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, na gari la koperative linaweza kumpa mwanzo huo, safari ndefu zikaja baadaye, akiwa na mwenzake.

Juu ya mashine nzito tuna machache. Katika kazi za kutengeneza barabara za mashamba, mama wengi wako pale na jembe na pawa wakifungua mifereji. Siku niveleze inapokuja, inakuja na mtu wake toka mjini. Kamati za matengenezo ya barabara, zile CLER, zinaweza kumwomba mwenye kazi, kabla mkataba haujatiwa sahihi, akubali wanafunzi wawili kando ya mashine, mmoja awe mwanamke. Baada ya sahihi mtaambiwa nafasi zimejaa.

Koperative zinazopanga kununua gari zina uamuzi wa kufanya mapema: nani ataliendesha. Mara nyingi gari linanunuliwa, kisha mwana wa ndugu wa mtu fulani anapewa ufunguo. Pelekeni jambo hilo mbele ya mkutano mkuu pamoja na bei ya gari. Tajeni permi inayotakiwa, jaribio la kuendesha mbele ya fundi, na mshahara wa mwezi badala ya "atajipatia njiani." Halafu wekeni daftari ndani ya gari: kilometa za kuondoka na za kurudi, litre za mazuti, magunia yaliyopakiwa, jina la aliyeendesha. Daftari hilo lisomwe kila mwisho wa mwezi, awe shofere ni mwanaume au mwanamke.